"Deposit" si kodi ya mwezi wa mwisho

Wengi wetu tukisoma "deposit" kwenye mkataba wa nyumba, tunadhani ni kodi iliyolipwa mapema. Kosa hili huwagharimu watu. Mpangaji anaacha kulipa mwezi wa mwisho, anasema, "Si nilishaweka deposit?" Kumbe amevunja mkataba.

Kodi inayolipwa kabla huitwa "rent in advance". Ile miezi sita au mwaka mzima ambayo wenye nyumba wa Dar es Salaam wamezoea kudai ndiyo hiyo. "Deposit" ni dhamana: inabaki kuwa mali yako, na mwenye nyumba anaishika tu, kwa ajili ya kioo kilichovunjika, sinki lililong'olewa au kodi uliyoacha bila kulipa.

England sheria ni kali. Dhamana lazima isajiliwe ndani ya siku 30 katika mfumo uliothibitishwa na serikali, na kwa nyumba nyingi haizidi kodi ya wiki 5.

Ukiona "wear and tear", usiogope. Huo ni uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia ukutani, na haukatwi kwenye dhamana. Piga picha kila chumba siku ya kuingia, hata nyuma ya mlango.