Kupulizia dawa chumba kizima hakumkingi mgeni

UVIKO-19 ulipoingia, wengi wanaopangisha nyumba kwa siku chache waliamini kwamba kupulizia dawa chumba kizima kunatosha. Sivyo. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa isipuliziwe hivyo ndani ya nyumba: haifiki pembe zilizojificha, uchafu huidhoofisha, na mvuke wake humuumiza msafishaji macho na mapafu. Kitasa, swichi na rimoti vifutwe kwanza kwa sabuni, ndipo dawa ipakwe kwa kitambaa na kuachwa ibaki mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Hapa ndipo wengi huharakisha, wakakausha papo hapo. Tena kirusi hiki husambaa zaidi kwa hewa, kwa hiyo mwombe mgeni anayeondoka aache madirisha wazi, chumba kipate hewa kabla msafishaji hajaingia kutandua mashuka.