Niambie ulivyoanguka kabla sijakupiga picha

Fomu iliyofika mezani kwangu ilikuwa na maneno matatu: "Eksirei ya mkono." Aliyeileta alikuwa kijana wa bodaboda, magoti yamechubuka, shati limejaa vumbi. Sasa, kwa Kiswahili chetu mkono unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, na ndani yake mna mifupa ipatayo thelathini. Nikamuuliza panapouma. Akashika kifundo cha mkono wa kushoto. Nikapiga picha mbili, moja kutoka juu na nyingine ya ubavuni. Mifupa yote ilionekana mizima. Akapewa dawa za maumivu, akaenda zake.

Miezi minne baadaye alirudi. Alikuwa hawezi kubana klachi ya pikipiki. Mfupa mdogo ulio upande wa kidole gumba, tunaouita skafoidi, ulikuwa umevunjika tangu siku ile ya ajali na vipande vyake vilikuwa havijaunga.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi katika hospitali ya wilaya, na wakati huo nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Darasani nilishafundishwa kila kitu kuhusu mfupa huo. Una umbo na takriban ukubwa wa korosho. Damu yake nyingi huingia kupitia ncha iliyo upande wa vidole kisha hurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Ufa wake siku za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye picha za kawaida. Inabidi kiganja kilazwe chini na kupindishwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho, ili mfupa ujinyooshe mbele ya mionzi. Na hata picha hiyo ikiwa safi, mgonjwa mwenye dalili hufungwa POP, ile plasta ngumu, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Yote hayo niliyajua. Nilichokosa ni swali moja: uliangukaje? Angeniambia aliangukia kiganja, mkono ukiwa umenyooka. Ningebonyeza kile kishimo kinachojitokeza ukinyanyua kidole gumba, naye angeuvuta mkono kwa maumivu. Ningerudi kwa tabibu aliyeandika fomu tukazungumza. Tangu siku ile sigusi kitufe cha mashine kabla sijasikia habari ya mgonjwa kutoka mdomoni mwake, hata kama foleni imefika getini.

Naandika haya kwa sababu watu wengi, wakiwemo wenzetu wa wodini, wanadhani picha hujieleza yenyewe. Unaingia, unapigwa, ugonjwa unaonekana. Eksirei haifanyi kazi hivyo. Eksirei ni kivuli. Mionzi inapita mwilini. Mfupa unaizuia kwa sehemu kubwa na kutoka mweupe, hewa ya mapafuni inaiacha ipite na kutoka nyeusi, nyama na damu na maji vinakaa katikati katika rangi ya kijivu inayofanana sana. Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hii huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa ya vidole, na pete ikiwa imeganda kwenye mmoja wao kama doa zito. Pete ile ndiyo sababu nakuomba uvue mkufu. Ndiyo sababu mama anayepigwa picha ya nyonga namwomba kwa staha, mlango ukiwa umefungwa, afungue shanga za kiunoni. Hata rasta nene zikilalia bega huweza kuacha michirizi juu ya pafu, na asiyejua akaiita ugonjwa.

Kivuli kina tabia moja inayosumbua: kinabandika vitu vyote vilivyopangana mbele na nyuma kwenye bapa moja. Shika sahani mbele ya taa na ukutani utaona duara. Igeuze ubavu, utaona mstari. Ndiyo maana mfupa unaodhaniwa umevunjika tunaupiga kutoka pande mbili, na picha ichukue kiungo cha juu yake na cha chini yake. Usifikiri tunakuongezea gharama.

Habari ya sahani inanikumbusha watoto wanaomeza sarafu. Sarafu iliyokwama kwenye umio, ukimpiga mtoto picha ya mbele, kwa kawaida inaonekana duara kamili. Sarafu humezwa, nusu ya kazi ni kujua iko wapi, na nyingi zikishafika tumboni hutoka zenyewe. Lakini kuna kitu kingine cha duara ambacho kinanitia hofu kuliko sarafu zote: betri ndogo ya saa au ya rimoti. Kwenye picha inafanana na sarafu mpaka uitazame ukingoni, uone duara la pili ndani ya la kwanza, na kwenye picha ya ubavuni uone ngazi ndogo pembeni yake. Betri ikikwama kooni inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mwaka jana mama mmoja alikuja na mtoto wake na, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshika mkononi rimoti iliyofunguka mfuniko. Hakuhitaji kueleza. Niliiona ile rimoti, nikamwita daktari kabla picha haijatoka, na gari la rufaa likaanza kutafutwa papo hapo. Basi kama mtoto amemeza kitu, njoo na kinachofanana nacho. Rimoti ya yule mama ilituokolea muda kuliko fomu yoyote niliyowahi kupokea.

Ultrasaundi ni kazi nyingine kabisa. Hapo hakuna mionzi. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanayoingia mwilini na kurudi kama mwangwi. Adui yake ni hewa. Ile jeli ya baridi tunayokupaka tumboni ni ya kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa, na kibofu kilichojaa mkojo kinasukuma utumbo wenye gesi na kutufungulia dirisha la kukiona kizazi. Ukiambiwa unywe maji lita moja na usiende msalani kabla ya kipimo cha nyonga, hiyo ndiyo sababu. Kwa kipimo cha nyongo ni kinyume: usile kwa saa sita hadi nane, kwa sababu ukila, hasa mafuta, mfuko wa nyongo unajikamua na vijiwe vilivyomo vinakuwa vigumu kuonekana.

Na humo pia swali ndilo linaloongoza mkono. "Ultrasaundi ya tumbo" kwa binti wa miaka 24 inaweza kunipeleka kwenye ini, figo, wengu, nikamaliza na kuandika kuwa vyote viko sawa. Nikijua kwamba hedhi yake imechelewa wiki mbili, ana maumivu upande mmoja chini ya kitovu na alipata kizunguzungu asubuhi, naanza kwenye nyonga moja kwa moja. Kizazi kitupu, damu nyuma yake, na kipimo cha mkojo kinachosema ana mimba: hiyo ni mimba iliyotunga nje ya kizazi hadi ithibitike vinginevyo, na anatakiwa chumba cha upasuaji haraka. Dada zangu, tarehe ya hedhi ya mwisho tunaiulizia kazi. Tunaiulizia pia kabla ya eksirei, ili kama kuna mimba changa tujue, tuamue pamoja na daktari kama picha inaweza kusubiri au namna ya kuipiga kwa usalama.

Kuhusu mimba, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Wengi huja mwezi wa nane wakitaka kujua jinsia. Nawaelewa, furaha ni yao. Ila umri wa mimba ukipimwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kosa lake ni siku chache. Ukipimwa miezi ya mwisho, kosa linaweza kufika wiki tatu. Mama asiyekumbuka tarehe zake, aliyekuja mapema, anampa mkunga msingi wa kujua kama mtoto anakua vizuri au amepitisha muda.

Nije kwenye mionzi, maana swali hili naulizwa kila siku: itabaki mwilini? Hapana. Ni kama taa: ukizima, chumbani hakubaki mwanga. Wapo wanaoniuliza kama wanywe maziwa kuitoa. Kunywa maziwa kwa afya yako, lakini hakuna cha kutolewa. Kuhusu kiasi, kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa duniani ukiwa takriban milisivati 2.4 (milisivati ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mwaka. Picha moja ya kifua ya mtu mzima ni karibu milisivati 0.02, sawa na siku tatu za mionzi hiyo ya asili. Siti skani ya tumbo, ile mashine inayokuzunguka ikipiga eksirei nyingi, huweza kufika 8 au zaidi, yaani miaka mitatu na ushee. Mimi mwenyewe navaa beji ya kupima mionzi, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo inayosimamia usalama wa mashine hizi.

Tofauti hiyo ya 0.02 na 8 inanileta kwenye jambo linaloniuma. Watu wamejipangia ngazi vichwani: ultrasaundi ni kipimo kidogo, eksirei cha kati, siti skani kikubwa, MRI, ile mashine ya sumaku, ndiyo mwisho wa yote. Mzee anauza mbuzi ili mwanawe akapigwe "kile kikubwa" mjini, ilhali vijiwe vya nyongo vingeonekana kwa ultrasaundi ya hapa hapa wilayani, vizuri kuliko kwa siti skani. Na kinyume chake: mtu ameanguka na pikipiki, amepoteza fahamu, anatapika, halafu fomu inaomba eksirei ya fuvu. Fuvu linaweza kuwa zima na damu ikawa inavuja ndani. Huyo anahitaji siti skani, ambako damu mbichi inaonekana nyeupe ndani ya dakika chache, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa wanazo. Kila dakika anayokaa kwangu akisubiri picha ya fuvu inamcheleweshea rufaa. Uliza hivi kwa daktari wako: kipimo hiki kinatafuta nini, na kikionekana, matibabu yatabadilika vipi? Ni swali la heshima, na daktari mzuri atalijibu.

Jambo la mwisho ni picha za zamani. Usizitupe, usifunikie debe la maji, na kama ulipewa kwenye CD uiweke na kadi yako ya kliniki. Mwezi uliopita aliingia bibi mmoja, ameshikwa mkono na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Nisimame wapi?"

Nilimsimamisha kifua kikigusa kibao, mabega mbele, nikamwambia avute pumzi nyingi na kuishikilia. Picha ilitoka na doa jeupe juu ya pafu la kulia. Kikohozi chake kilikuwa cha wiki mbili, na mtu angeweza kuwaza kifua kikuu kimerudi, kwa kuwa alishawahi kukiugua. Nikamuuliza kama ana picha ya zamani. Mjukuu akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na filamu ya 2016. Niliiweka kwenye kisanduku cha mwanga kando ya skrini, tukaitazama na daktari. Doa lilikuwa pale pale, ukubwa ule ule, kingo zile zile. Kovu. Makohozi yalipelekwa maabara kama inavyotakiwa, yakarudi hayana kifua kikuu, na bibi akajifunga khanga yake akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na bahasha nikaikunjua na kuitia ubao wa katoni isikunjike tena.