Uniti si "kilowati kwa saa"

Jumapili moja ya mwezi wa sita nilialikwa kwa shemeji yangu Mbezi Beach, na nikasikia tena kitu ambacho nimechoka kukisikia: hita "inakula kilowati mbili kwa saa". Safari hii msemaji alikuwa fundi umeme. Aliitwa kuangalia kwa nini uniti zinayeyuka tangu shemeji anunue jakuzi la kujaza upepo na kulitandaza uani chini ya mwembe. (Maji ya moto, Dar. Anasema ni mgongo. Sikubisha, maana nilikuwa mgeni.) Fundi akatoa dawa: toa hita ya kilowati mbili, weka ya kilowati moja, matumizi yatashuka nusu. Shemeji akanigeukia: "Shem, wewe unaonaje?" Nikamalizia kwanza tonge la pilau.

Maana yenyewe ni fupi. Wati ni kasi ambayo kifaa kinavuta umeme, na kilowati ni wati 1,000. Uniti ni kiasi cha umeme kilichokwisha kuvutwa. Kilowati moja ikivutwa saa nzima, imekwenda uniti moja, na jina lake kamili ni kilowati-saa, kwa kifupi kWh. Kilowati ni jinsi bomba linavyotiririka; uniti ni ndoo iliyojaa.

Sasa hiyo "kwa". Mswahili akisikia kilomita 80 kwa saa, au shilingi 3,000 kwa kilo, anajua kuna kugawanya. Kwenye kilowati-saa hatugawanyi, tunazidisha: kilowati mara saa. Na kilowati yenyewe tayari ni kasi, muda umo ndani yake. Ukiibandikia "kwa saa" ni kama kusema basi la Morogoro lilikuwa linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa saa. Abiria watakuangalia.

Fundi hakuwa mjinga, alikuwa na utetezi. "Mzee, mbona tunasema chumba cha kumi kwa kumi? Hapo si tunazidisha?" Kweli kabisa. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400, na "kwa" hiyo ni ya kuzidisha. Nilikaa kimya kidogo, maana hoja nzuri huwa sipendi kuipita haraka. Lakini huko "kwa" inaunganisha vitu vya aina moja, futi na futi, mita na mita. Ikishakaa mbele ya saa, sikio la kila mtu linakwenda kwenye mwendo. Hata aliyeandika kwa kuzidisha anasomwa kwa kugawanya.

Tukaenda kwenye mita ya LUKU ukutani. Juu yake, karibu na kataa kekundu, imeandikwa 1000 imp/kWh. Nikamwonyesha fundi kile kimstari cha mshazari. Kiko mahali pamoja tu, kati ya mimweko na kWh: mimweko 1,000 kwa kila uniti. Ndani ya kWh hakuna mshazari. Kwenye dashibodi ya gari utaona km/h, mshazari upo. Waliotengeneza mita walijua wanachoandika. Tukasimama pale tukihesabu: hita ikiwaka, kataa kanamweka kila baada ya sekunde mbili hivi, shemeji akaizima, kakatulia, halafu kakamweka mara moja moja kwa ajili ya friji.

Jina nalo lingetusaidia kama tungelisikiliza. Wati ni James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, na mwaka 1882 William Siemens ndiye aliyependekeza kipimo kiitwe kwa jina lake. Watt mwenyewe alikuwa na shida ya kibiashara: wateja wake walizoea farasi, basi akawapimia injini kwa farasi. Ndiyo asili ya nguvu-farasi, ambayo leo ni kama wati 746. Farasi mmoja ni uwezo wake anapovuta. Umemvutisha saa moja au kutwa, hilo ni swali jingine. Na "uniti" tumeirithi kwa Waingereza, ambao zamani kilowati-saa waliiita uniti ya Board of Trade, idara ya serikali yao iliyoshughulikia biashara. Tokea mwanzo ilikuwa kitu cha kuuziana, kama kibaba au pishi. (Jakuzi pia ni jina la watu: ukoo wa Jacuzzi, Waitaliano waliohamia California na kutengeneza pampu.)

Basi turudi kwenye dawa ya fundi. Uniti moja inapandisha lita 860 za maji kwa digrii moja. Jakuzi la shemeji ni la ukubwa huohuo, kidogo juu kidogo chini. Kutoka digrii 28 hadi 38 ni uniti 10, haijalishi hita ni kubwa au ndogo. Ya kilowati mbili itamaliza kwa saa tano, ya kilowati moja kwa saa kumi. Tena hiyo ndogo itakula zaidi, kwa sababu katika saa zile za ziada maji yanaendelea kupoa. Bila kifuniko, usiku wenye upepo wa bahari, huenda isifike 38 kabisa.

Na kukosa kifuniko ndiko kulikokuwa kunapoteza pesa. Jakuzi lina upana wa mita 1.8. Maji yakishuka milimita 4 tu kwa mvuke, hizo ni lita 10, na kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na joto la theluthi mbili za uniti. Karibu uniti 7 zimepaa kwenye mwembe. Kwa bei ya uniti 28 kwa shilingi 10,000, hiyo ni kama 2,400. Kifuniko chenyewe shemeji alikuwa nacho, kimekunjwa stoo, "kinanichosha kukitoa na kukirudisha". Pia alikuwa haizimi hita siku ambazo haogi, kwa kuambiwa kuwa kupasha upya ndiko kunakokula umeme. Sivyo. Maji yakipoa, joto linavuja polepole zaidi. Ukiyashikilia kwenye 38 wiki nzima unalipia uvujaji mkubwa saa zote.

Alichokubali mara moja ni ushauri mdogo kuliko yote: siku ya kubadilisha maji ajaze alasiri, kutoka simtanki jeusi la juani, si alfajiri.

Fundi alikuwa anafunga begi lake. "Sawa mzee, kwa hiyo hita tunaiacha, hii hii ya kilowati mbili kwa..." Akasita, akanitazama.

"Ya kilowati mbili, basi," nikamwambia.

"Basi," akasema, akacheka.