Jua likiwaka kambini, mto hauwezi kufurika?

Wengi wanaopanga safari ya kupiga kambi milimani huamini kwamba kama hakuna mvua pale walipo, kingo za mto au korongo lililokauka ni mahali salama pa kulala. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mchanga ni laini, pametulia, na maji ya kupikia yako karibu.

Lakini mto hulishwa na eneo lote lililo juu yake. Mto Ruvu hupokea maji kutoka milima ya Uluguru. Mvua ikipiga vileleni, bonde laweza kuwa kavu, anga jeupe, na saa kadhaa baadaye maji yakafika. Kwenye makorongo membamba, kama yale ya Hell's Gate nchini Kenya, hufika kwa kasi kwa sababu hayana pa kutawanyikia. Na si lazima yawe mengi: maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Kabla ya kusimika hema, tazama vichaka vya kingoni. Majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi huonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Lala juu ya hapo. Tazama mawingu upande wa chanzo. Waulize wenyeji, hasa wachungaji, maana wanaujua mto wao kwa majira yote. Maji yakibadilika rangi ghafla au kuleta majani na matawi, acha mizigo, panda juu mara moja.