Mbalamwezi haizai dagaa

Juzi tena, kwenye daladala ya Kirumba, mzee mmoja anawahutubia abiria: "Wachina walijifungia miaka mitatu kwa sababu ya korona. Walipofungua tu, wakaugua wote. Kufunga ndiko kulikoleta ugonjwa!" Konda anaitikia. Mimi kazi yangu ni kufuatilia milipuko ya magonjwa, lakini kumsahihisha mzee wa watu mbele ya abiria si adabu, nikanyamaza. Hapa hakuna abiria.

Nendeni mwaloni. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti kitu. Giza likirudi, mitumbwi inatoka, na asubuhi dagaa wanamwagwa mpaka bei inashuka. Sijasikia mchuuzi akisema mbalamwezi ndiyo imezaa dagaa. Walikuwemo majini muda wote, hawakuvuliwa tu. Kufunga ndiyo mbalamwezi, na watu wasio na kinga ndio dagaa wenyewe.

Hesabu yake ni hii. Kirusi ambacho mgonjwa mmoja huwaambukiza watatu, ukipunguza kukutana kwa watu hadi theluthi, mmoja anamwambukiza mmoja, mlipuko unabaki palepale. Sasa fungua huku asilimia 10 tu ndio wenye kinga: mmoja anawaambukiza 2.7. Wagonjwa 100 wanakuwa 270, kisha 729, na mzunguko wa tano wanapita 14,300. Mzunguko ukiwa siku tano, hata mwezi haujaisha. Kirusi ni kilekile.

Na anayeambukizwa leo haonekani kwenye takwimu leo, kwa hiyo visa vya siku mbili baada ya kufungua msivisingizie kufungua. China yenyewe ilikuwa imeshafika karibu visa 40,000 kwa siku mwishoni mwa Novemba 2022, kabla masharti hayajalegezwa tarehe 7 Desemba. Ila kilichowaumiza zaidi ni hiki: kati ya wenye miaka 80 na zaidi, ni kama asilimia 40 tu walikuwa wamepata dozi ya nyongeza. Muda wa kuwachanja ulikuwepo. Huo ndio ugomvi wangu na China, mzee wangu, si kufunga.

Sasa hili linaloninyima usingizi: "kinga ililala". Eti ukikaa ndani mwili unasahau kupigana. Kinga si msuli wa mcheza mpira! Ndani mlikula, mlishika udongo, mlibeba watoto wenye makamasi. Vijidudu havikwenda likizo. Kilichoongezeka ni idadi ya wasiowahi kukutana na kirusi fulani. Australia Magharibi, kirusi cha RSV kinachobana vifua vya watoto wachanga hakikuonekana majira yake ya baridi mwaka 2020, kikaja kuibuka mwishoni mwa mwaka, kwenye joto. Watoto waliokikosa msimu mmoja walijumlishwa na waliozaliwa baadaye, kikawakuta wote pamoja. Wenzangu huliita deni la kinga. Ukimaanisha deni la jamii nzima, sawa. Ukimaanisha mwili wako umezorota, hapana. Ingawa, niseme ukweli, hata hapo mstari haujanyooka: mama ambaye hajakutana na RSV muda mrefu humpa mtoto kingamwili chache zaidi. Mwenye hoja ya usingizi ana kipande kidogo cha haki, na kinaniudhi.

Mwingine ataniambia sisi Watanzania tulifungua shule Juni 2020 na hakuna kilichotokea. Umehesabu kwa takwimu zipi, ndugu yangu? Takwimu zetu zilisimama Mei, kwenye visa 509 na vifo 21.

Kinachonitatiza mimi ni Uingereza. England iliondoa karibu masharti yote tarehe 19 Julai 2021. Neil Ferguson, bingwa wa hesabu hizi, alisema kufika visa 100,000 kwa siku ni karibu lazima. Visa vikashuka, kutoka kama 50,000 hadi nusu yake ndani ya wiki mbili, kabla ya kupanda tena. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, fainali za mpira za Ulaya zimekwisha na watu hawajazani tena kwenye baa, na programu ya simu ilikuwa ikiwataka maelfu waliokaribiana na wagonjwa wajitenge. Nimeshayasoma maelezo yote matatu. Kila moja lina mantiki, lakini sikumsikia aliyelitoa kabla visa havijashuka, na mimi sikulitoa.