Kazi ya ofisi si kuchapa tu

Wengi huamini kwamba ukijua kuchapa haraka na kupokea simu, umeshaiva kwa kazi ya utawala wa ofisi. Si kweli. Mafunzo ya uhazili, yaani ukatibu wa ofisi, hukufundisha kuandika kumbukumbu za mkutano: nani alihudhuria, nini kiliamuliwa, nani atatekeleza na lini, bila kunakili kila lililosemwa. Kisha kuna masijala, yaani sehemu ya kutunza majalada ya ofisi, na hapa ndipo asiyesomea hukwama vibaya. Majalada hufunguliwa kwa mpangilio, hupewa namba, hufuatiliwa yanapotoka; barua ikiwekwa kwenye jalada lisilo lake inaweza kuchelewesha malipo ya mtu. Ongeza lahajedwali (majedwali ya hesabu kwenye kompyuta), ratiba na kutunza siri. Shahada mara nyingi si lazima: cheti au stashahada huwatosha wengi kuanzia. Ukichagua chuo, uliza kwanza kama wanafunzi hupelekwa ofisini kwa mazoezi.