Lubumbashi: mgeni anaona shaba, mwenyeji anauliza bei ya unga

Mgeni anayeshuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa mara ya kwanza huwa ameshaambiwa mji ulivyo. Wa Kinshasa ameambiwa huku ni shamba lenye pesa. Wa Bukavu ameambiwa kazi zipo kila kona. Wa Dar es Salaam au Nairobi ameambiwa Kongo ni msitu, rumba na Kilingala. Sisi wenyeji tunawacheka, kisha tunawasimulia hadithi zetu, ambazo nyingine ni potofu kuliko hizo walizokuja nazo. Hapa chini nazichambua za pande zote mbili.

"Kongo ni joto na msitu"

Msitu mkubwa wa mvua uko kaskazini, mbali sana na sisi. Lubumbashi imekaa kwenye uwanda wa juu, yapata mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na miti yake ya asili ni miombo, kama ile ya Tabora au ya kaskazini mwa Zambia. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na aliyekuja na mashati ya mikono mifupi tu huishia soko la Kenya (komini yetu ya Kenya, si nchi) kutafuta koti la mtumba. Joto la kweli tunalipata Oktoba, kabla mvua hazijaanza, pamoja na vumbi lake jekundu.

Wenyeji nasi tuna letu: eti baridi imefukuza malaria. Haijafukuza kitu. Mbu hupungua wakati wa kiangazi, mvua zikirudi nao wanarudi.

"Lubumbashi ni mgodi"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Migodi inayotajwa kwenye habari za dunia, ya shaba na kobalti, mingi iko Kolwezi na Fungurume, mkoa wa Lualaba. Tangu Katanga igawanywe mikoa minne mwaka 2015, sisi tumebaki Haut-Katanga, na Kolwezi iko umbali wa kilomita 300 hivi kwa barabara. Ni kweli kwamba mgodi wa mwanzo kabisa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya shaba, ule wa Étoile, uko jirani na komini yetu ya Ruashi, na Kipushi yenye zinki iko kilomita 30 tu. Lakini mji haukuzaliwa kwa ajili ya shimo. Ulizaliwa kwa ajili ya reli na tanuru. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha mji na kuuita Élisabethville, jina la malkia wao. Mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Mawe yalikuja kuyeyushwa hapa, shaba ikapakiwa na kuondoka.

Ule "mlima" mweusi karibu na bomba refu la moshi, ambao kila mgeni anapiga nao picha, si mlima. Ni mabaki ya tanuru yaliyomwagwa hapo kwa miaka mingi. Ndani yake imebaki kobalti ya kutosha hivi kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lundo limekuwa likichotwa na kuyeyushwa upya. Kwa hiyo kitambulisho chetu kwenye kadi za posta kinauzwa kidogokidogo, na hakuna aliyetuuliza.

Mgeni akishaona lundo na bomba, anahitimisha kwamba kila nyumba ina mtu mwenye mshahara wa kampuni. Zamani angekuwa karibu na ukweli. Wazee waliofanya kazi Union Minière, na baadaye Gécamines iliyoirithi mwaka 1967, watakwambia kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba kambini, posho ya unga, hospitali, shule ya watoto. Kizazi kilichozaliwa huko kinaitwa bana Shaba hadi leo. Kisha sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ikabomoka mwaka 1990, siasa na uporaji wa miaka hiyo vikaongezea, na Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikaanguka chini ya tani 50,000 ndani ya muongo mmoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo, katika mpango ulioitwa wa hiari. Kaa na baba mmoja wa rika hilo, umtajie hiari, utasikia.

Waliobeba mji baada ya hapo ni akina mama: meza ya bitoyo (samaki wakavu) mlangoni, unga wa kupimwa kwa meka, makala (mkaa) kwa vifurushi, safari za Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, alfajiri. Aliyekuwa fundi mitambo akawa mtu wa kusubiri nyumbani hadi mke arudi na hela ya bukari (ugali). Heshima za ndoa zilibadilika humo ndani kuliko sheria yoyote ingeweza kuzibadilisha, ila jambo hilo wanaume wa Lubumbashi hawalizungumzi mbele ya wageni. Wenyeji wengi, hata vijana ambao hawakuwahi kuonja posho, bado wanaamini kampuni itarudi kama ilivyokuwa. Kampuni za leo zinachimba mbali, zinatumia mashine zaidi ya mikono, na wengi wanaowaajiri wako chini ya wakandarasi. Hakuna anayejenga kambi yenye shule tena.

"Mji wa madini hauwezi kukosa umeme"

Unakosa, na madini yenyewe ni sehemu ya sababu. Mabwawa ya umeme ya Katanga yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba: Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, kisha Koni, halafu Nzilo na Nseke kwenye Lualaba miaka ya 1950. Hata ile laini ndefu ya kuleta umeme kutoka Inga, kwenye mto Kongo, kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuvutwa kwa ajili ya taa za mtaa wetu wa Katuba. Inaishia Kolwezi, na vijiji vingi inavyopita juu yake havijawahi kupata hata balbu moja. Migodi ikaongezeka, mitambo ikazeeka, na kaya zikapangiwa kilichobaki. Ndiyo maana jiji lililozungukwa na nyaya nene linapika kwa makala, na miombo inazidi kusogea mbali na mji, gunia baada ya gunia.

"Ardhi yote hii, chakula hakiwezi kuwa tatizo"

Mgeni wa Kivu, aliyezoea kuona kila mteremko umelimwa, ndiye anayeshangaa zaidi. Ardhi ipo, tena tambarare. Mahindi ndiyo hayatoshi. Sehemu kubwa ya unga wa bukari yetu hupitia Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame mkali hadi serikali yao kuutangaza kuwa janga la taifa, walioumia hawakuwa wa Lusaka peke yao. Lusaka ikifunga mlango wa mahindi, Lubumbashi inasikia kabla gazeti halijaandika: bei ya mfuko wa kilo 25 inapanda palepale.

Mwenyeji anamlaumu mwenye duka. Mwenye duka si malaika, na wapo wanaoficha mifuko stoo wakisubiri bei. Lakini hata wote wangekuwa watakatifu, mji uliozoezwa na kampuni kwa miongo kula posho iliyoletwa kwa treni haukujengewa mashamba ya kuulisha. Kila gavana huahidi kilimo. Mimi nikiona unga wa hapahapa unauzwa mwezi wa pili, wakati ghala za mwaka jana zimekauka na mavuno mapya hayajafika, ndipo nitakapoamini.

"Kiswahili kwenu kimefika juzi"

Hii tunaipata kutoka Dar. Kinyume chake tunakipata Kinshasa, ambako mtu anakusemesha Kilingala akiamini kila Mkongo anakijua. Kiswahili kilifika sehemu hizi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyetawala eneo hili hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi, yaani Tanzania ya leo. Kambi za Union Minière zikakifanya lugha ya kazi baina ya watu waliokuwa na lugha nyingi tofauti, na watoto wao wakakinyonya na maziwa. Ni kweli kina sarufi yake ambayo mwalimu wa Zanzibar angeitia wino mwekundu. Lakini mama wa soko la Ruashi hasemi Kiswahili cha kubahatisha. Anasema lugha aliyozaliwa nayo.

"Mji ni wetu, wao walikuja juzi"

Hii ni ya wenyeji watupu. Ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, kwa kuwa imewahi kumwaga damu.

Union Minière ilipoanza, eneo hili lilikuwa na watu wachache mno kwa kazi iliyotakiwa. Wafanyakazi wa mwanzo wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Baadaye wakaandikishwa watu kutoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikawahimiza waje na wake zao, wazae hapahapa. Walamba, Wasanga na jirani zao walikuwepo kabla, na walijua kuyeyusha shaba muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote. Misalaba yao ya shaba ilitumika kama fedha hadi mbali. Hilo hakuna anayelikataa. Lakini mji wenyewe, mitaa ya Kamalondo na Kenya na Katuba, ulijengwa na waliokuja. Msemaji mkali zaidi wa "sisi wenyeji" mara nyingi ana babu aliyeshuka kwenye behewa la mizigo.

Mwaka 1992 na 1993 maneno haya yalitoka barazani yakaingia barabarani. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na sehemu nyingine za Katanga kwa mamia ya maelfu. Walilala vituo vya reli wakisubiri treni ya kuwarudisha Kasai, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga, na wengi walikufa humo njiani. Siku hizi treni inapoleta vijana kutoka Kasai wanaotafuta riziki, nasikia sentensi zilezile, sasa kwenye vikundi vya WhatsApp. Anayezisambaza huwa ana chini ya miaka 30 na hajui anarudia nini.

"Lubumbashi ndiyo iliyomuua Lumumba, na Wakatanga wote walitaka kujitenga"

Nusu zote mbili zina kasoro. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipakiwa ndege na wakuu wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), wakijua anakopelekwa. Alitua Luano tarehe 17 Januari 1961 na kuuawa usiku huohuo porini, mbele ya viongozi wa serikali ya Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, na maofisa wa Kibelgiji. Ubelgiji yenyewe ilikiri mwaka 2002 kwamba ilikuwa na sehemu yake ya wajibu, na ikaomba radhi. Waliokuwa mjini hawakuambiwa lolote. Ama kujitenga kulikotangazwa tarehe 11 Julai 1960, kaskazini mwa Katanga walikupinga kwa silaha, wakiwa nyuma ya Balubakat, chama cha Jason Sendwe, na ndani ya mji wenyewe, mwaka 1961, maelfu ya Waluba walijazana kwenye kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa wakikimbia askari wa Tshombe. Ukikutana na mzee anayeikumbuka Katanga ile kama enzi za mkate mweupe, muulize kwa upole aliishi mtaa gani.

"Mko pembezoni"

Pembezoni mwa nini? Kwa mstari wa ndege, Dar es Salaam iko karibu nasi kuliko Kinshasa. Malori ya shaba yanajua hilo: yanaelekea Dar, Durban, na sasa pia upande wa Lobito, bandari ya Angola. Hata saa zetu si moja. Kinshasa ikiwa saa mbili usiku, hapa ni saa tatu, ndiyo maana simu za shemeji wa huko zinatukuta kitandani.

"Mji mzima ni Mazembe"

Mgeni wa mpira anajua TP Mazembe: mabingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, baada ya kuwafunga Internacional ya Brazil 2-0. Asichoambiwa ni kwamba kuna Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, yenye mashabiki ambao nyumba moja inaweza kuwagawa baba na mwana. Fainali ile Mazembe walilala 3-0, na kuna mitaa ya Lubumbashi ambako jioni hiyo Inter Milan walishangiliwa kama vijana wa nyumbani.